Chelezo cha Alperton

Hitesh hakai. Mpe kiti, atakishika mgongo na kusimama nyuma yake kama anakiuza. Nina miaka kumi na minne dukani kwake hapa Kilburn, London, na mara nilizomwona ameketi mpaka kikombe cha chai kikaisha, vidole vya mkono mmoja vinatosha na kimoja kinabaki.

Duka ni la vikombe na medali. Msidhani medali za vita. Ni za mbio za magunia, za kuogelea mita ishirini na tano, za mtoto aliyehudhuria shule mwaka mzima bila kuugua. Shule zinaleta oda, mashine inachonga majina, mimi navisha utepe na kupanga kwenye maboksi. Kazi yenyewe si ngumu, ila ukikosea jina la mtoto wa mtu, mama yake atakuja mwenyewe, na usiombe.

Hitesh mwenyewe alizaliwa Moshi, baba yake sonara. Akaletwa huku kijana wa miaka kumi na tisa. Sasa ana sabini na mbili, na Kiswahili chake ni cha Moshi ya wakati ule, hakijachacha. Watoto wangu niliowazaa hapa hapa wananijibu kwa Kiingereza, halafu huyu Mhindi ananiuliza, "Umeamkaje, Mama Haifa?" na anangoja jibu.

Lakini moyo wake hauko kwenye vikombe. Nyuma ya duka kuna kabati lenye droo nyembamba, na humo ana medali zake mwenyewe, sitini na tatu, za zamani, zote za jambo moja tu: wafalme wa Ulaya walipokutana. Za kutawazwa hataki, za vita hataki. Kukutana tu. Mfalme huyu kamtembelea yule, wamekula, wamekumbatiana, basi inapigwa medali, huyu kichwa kushoto, yule kichwa kulia, wanatazamana.

"Watu wazima na akili zao," nilimwambia siku ya kwanza aliponifungulia droo. "Kukutana tu ndiyo mjipigie medali? Mimi nikikutana na wifi yangu, nani ananipigia?"

"Wifi yako ana jeshi?"

"Ungemwona usingeuliza."

Akacheka, na toka siku hiyo nikawa mwanafunzi wake nisiyeomba shule. Mimi niliishia darasa la saba Tanga, lakini wafalme wa Ulaya niulize mimi. Kuna moja ya mwaka 1843, malkia wa Uingereza kavuka bahari kumwamkia mfalme wa Wafaransa. Furaha, karamu, shaba ikapigwa. Miaka mitano baadaye Wafaransa wakamfukuza mfalme wao, akakimbilia huku Uingereza, amenyoa ndevu za mashavuni, anajiita Bwana Smith.

"Kaomba hifadhi na jina si lake," nikasema. "Kama watu wetu."

"Yeye alipewa nyumba kubwa ya kukaa."

"Basi si kama watu wetu."

Anayoipenda kuliko zote anaiweka droo ya juu, imefungwa kitambaa. Ni ya Napoleon na mfalme wa Urusi. Walikuwa wamepigana wakachoka, wanataka kusema maneno ya amani, na katikati yao upo mto. Nani avuke? Anayevuka amejishusha. Basi wakaunda chelezo, mbao zimefungwa pamoja zinaelea, wakakifunga katikati ya mto, juu yake kibanda cha vitambaa. Huyu akaja kwa mashua kutoka upande wake, na yule kutoka upande wake. Hakuna aliyemwendea mwenzake. Na mfalme wa tatu, wa Prussia, ambaye nchi yake ndiyo ilikuwa inakatwa vipande, hakuitwa. Wanasema alibaki ukingoni na mvua inamnyea, anatazama tu.

"Na wakapatana?"

"Wakapatana. Baada ya miaka mitano Napoleon akamvamia."

"Sasa medali ya nini?"

Hitesh akaisugua kidogo na kidole gumba. "Medali si ya mapenzi, Mama Haifa. Ni ili mtu akigeuka aone haya. Sura yake ipo pale, haifutiki."

Nilijua anamsema nani.

Ana mdogo wake mmoja, Kamal, anakaa Hayes. Kutoka Kilburn ni safari ya saa moja kwa foleni mbaya. Walikuwa hawajasemezana miaka kumi na tisa. Mama yao alifia nyumbani kwa Kamal, wakamchoma kwa desturi yao, yakabaki majivu. Hitesh akasema mama alimwambia yapelekwe Moshi, yamwagwe mto Karanga alikomwagwa baba. Akapanda ndege kutangulia, kutafuta kuhani na kupanga mambo. Yuko Moshi, siku ya nne, anapigiwa simu kwamba Kamal kakodi boti, kayamwaga majivu kwenye mto Thames. Hitesh akarudi London na hasira, hakuuliza kwa nini, na Kamal hakueleza. Mmoja akifanya harusi, mwingine hatokei. Ndivyo walivyozeeka.

Mwaka huu, wiki ya kwanza ya Ramadhani, Ushma mke wa Hitesh akaja dukani. Yeye huja dukani kwa nadra, na akija haangalii vikombe. Alisimama mlangoni na koti lake, akasema Kamal anapasuliwa moyo Alhamisi ya wiki inayofuata, na daktari amewaambia watoto wake waseme yote wanayotaka kusema kabla.

Hitesh akahamisha trei ya medali kutoka meza hii kwenda ile. Akairudisha.

"Anataka nini?"

"Anataka kukuona."

"Aje."

"Na yeye kasema hivyo hivyo: aje." Ushma akanigeukia mimi, kama vile mwenye meza hayupo. "Mama Haifa, mimi nimeolewa na mbuzi. Mwambie mbuzi wangu kuwa mbuzi mwenzake ana moyo mbovu."

Walibishana siku mbili. Mwishoni Hitesh akakubali kwenda Hayes Jumapili, tarehe tisa. Na hapo ndipo alipoharibikiwa. Mashine ya duka hakuigusa. Alitoa tindo ndogo za baba yake, akakata kipande cha shaba, akaanza kuchonga kwa mkono: kichwa chake kimoja, cha Kamal kimoja, wanatazamana. Anachonga amesimama. Akichoka anatoka nje, anatazama mabasi, anarudi. Oda ya shule mbili ikalala. Nami nimefunga, koo limekauka, ulimi ndiyo umepata makali.

"Wewe unamjua uso Kamal wa leo?"

"Namkumbuka."

"Miaka kumi na tisa! Hata mimi pua yangu si ile niliyokuja nayo."

Hakunisikia. Ijumaa akachonga tarehe chini ya vichwa: 9 Machi.

"Hitesh bhai, usikate kanzu mwana hajazaliwa. Unaandika tarehe ya jambo ambalo halijatokea?"

"Zote hupigwa kabla. Mfalme anataka agawe siku hiyo hiyo."

"Na asipokuja?"

"Mimi ndiye ninayekwenda," akasema. "Nitakosaje kuja?"

Nyuma hakuandika kitu. Wafalme huandika amani ya milele, akasema, na milele yao huisha kabla shaba haijafifia. Nyuma atajaza baadaye.

Jumatatu nilipofika, duka limeshafunguliwa. Yeye yuko kati ya meza mbili, anatembea hatua nne kwenda na nne kurudi. Kiboksi cha medali kipo mezani, kimefungwa.

"Ilikuwaje?"

"Sikuingia."

Nikaweka mkoba chini. "Hukufika?"

"Nilifika. Nikafungua geti, nikapiga kengele. Akafungua Kavita."

"Kavita ndiye nani, simba?"

"Binti yake. Mtoto mzuri, ameniamkia vizuri. Lakini Kamal hakushuka. Mama Haifa, mimi ni mkubwa wake. Mgeni wa namna ile, mwenyeji humpokea kizingitini mwenyewe. Droo nzima ile, hakuna hata mmoja aliyepokelewa na binti! Nikasema naam, ametuma salamu yake. Nikageuka."

Nilimtazama. Mwanamume wa miaka sabini na mbili, amemkimbia mgonjwa kwa sababu ya adabu za Napoleon.

"Na wewe ni mfalme wa nini?" nikamwambia. "Wa mbio za magunia? Mtu moyo unamkatika, wewe unataka ashuke apige saluti? Hao wenye droo walikuwa na nchi. Wewe una duka la kupanga na goti bovu!"

Hakunifukuza. Nikachukua namba ya Kavita kwa Ushma, nikampigia palepale kutoka stoo, mlango nimeufunga.

Kavita alizaliwa hapa, Kiswahili hana, tukasema Kiingereza changu cha dukani. Kumbe Kamal toka Januari hashuki ngazi. Kitanda kiko juu, choo juu, ngazi kumi na tatu daktari kamkataza. Jumapili ile aliamshwa alfajiri kwa ombi lake mwenyewe, akavalishwa koti na tai, akawekwa kitini karibu na dirisha la juu linaloangalia geti. Kavita alikuwa anataka kumwambia mgeni apande. Hakupewa nafasi ya kumaliza sentensi.

"Baba alimwona akigeuka," akasema. "Alikaa na tai yake mpaka mchana. Sasa amesema asije tena. Kichwa chake ni kigumu kama cha mjomba wako huyo." Kwa Kiingereza chao kila mzee ni uncle, sikumsahihisha. "Jumatano jioni tunampeleka hospitali kulala. Kaka zangu watamshusha kwa kiti."

"Kwa gari gani?"

"Langu."

"Lako, au la baba yako?"

"Langu! Nalilipia mwenyewe kila mwezi. Kwa nini?"

"Mnapita Alperton?"

"Tunaweza kupita."

Nikamwambia anavyopaswa kufanya. Akauliza kama niko salama. Nikamwambia nimefunga, lakini niko salama.

Kwa Hitesh nilianza na ngazi. Ngazi kumi na tatu, koti, tai, dirisha. Alisimama. Namaanisha alisimama kabisa, hata mikono. Halafu akaokota funguo zake. "Nakwenda sasa hivi."

"Huendi. Sasa yeye ndiye asiyetaka upite mlangoni kwake. Umemtia aibu mbele ya binti yake. Mnataka nini nyinyi, mto? Nimewatafutia chelezo."

Nikamweleza. Gari la Kavita, uwanja wa kuegesha magari wa supamaketi pale Alperton, Jumatano saa kumi na moja na nusu jioni. Si Hayes, si Kilburn. Si nyumba ya huyu, si duka la yule. Yeye ataingia kwa mlango wa kulia, Kamal ameshaingia kwa wa kushoto. Hakuna aliyemwendea mwenzake.

Akazirudisha funguo mezani. "Nani amekufundisha haya?"

"Wewe, nani mwingine? Miaka kumi na minne unanipigia kelele za wafalme."

Akafungua kiboksi, akaitazama medali, uso ukamshuka. "Tarehe imeshakosewa. Siwezi kuchonga nyingine kwa siku mbili."

"Nenda nayo hivyo hivyo. Heri tarehe mbovu kuliko medali ya mazishi."

Jumatano mvua ilianza mchana. Tulipanda mabasi mawili, viti vipo, yeye kashika bomba njia nzima. Kila kituo ananiuliza saa. Alperton tulifika mapema mno, tukasimama kwenye kibanda cha matoroli. Anapanga matoroli. Naapa. Anayaingiza moja ndani ya jingine, mtu wa supamaketi akamshukuru.

Saa kumi na moja na nusu, hakuna gari. Dakika kumi zikapita. "Amekataa," akasema. "Ningekuwa mimi ningekataa." Dakika nyingine tano. Akataka kuondoka, nikamshika mkono wa koti, mbele ya watu, na mimi ni mwanamke wa Tanga, sishiki wanaume ovyo. "Leo hugeuki," nikamwambia. "Ukigeuka leo utageuka mpaka kaburini."

Basi likaingia gari dogo la bluu, taratibu, kama limebeba mayai. Kavita akashuka, amejifunika kofia ya koti. Nyuma, upande wa kushoto, nikaona mto mweupe na kichwa kimeegemea.

Hitesh akazunguka gari. Akafungua mlango wa kulia. Akaingia, akaketi.

Mlango ukafungwa, nasi tukabaki nje, mimi na Kavita, na mvua inatunyea. Mfalme wa Prussia walau alikuwa na farasi.

"Tutasikia?" Kavita akauliza.

"Wakigombana tutasikia. Wakipatana hatutasikia kitu."

Vioo vilianza kuingia ukungu. Kupitia cha mbele niliona vichwa viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia, wanatazamana, hakuna mdomo unaosogea. Muda ukawa mrefu. Kavita alikuwa anatafuna kamba ya kofia yake, mimi natazama saa kwa sababu mbili. Saa kumi na mbili na dakika chache simu yangu ikaadhini mfukoni. Kavita akatoa pakiti ya tende kwenye mfuko wa koti. "Ulisema umefunga," akasema. Nilifungulia pale, kwenye kibanda cha matoroli, tende tatu, na machozi sijui ya mvua.

Ndipo kioo cha nyuma kikashuka ghafla, na sauti ikatoka, Kiswahili cha Moshi. Ushma aliwahi kuniambia: ndugu hawa hupendana kwa Kigujarati, hugombana kwa Kiswahili.

"Hii pua ya nani?"

"Yako."

"Yangu ya lini? Hii pua ya mwizi! Na ziko wapi nywele zangu?"

"Huna nywele, Kamal."

"Ungenichongea, zingekugharimu nini? Halafu tarehe tisa! Leo ni kumi na mbili. Ndiyo wewe, toka shuleni, kila kitu unawahi halafu unakosea!"

"Nipe. Nitaifuta, nitachonga upya."

"Hupewi." Kikohozi, kirefu, Kavita akapiga hatua, nikamshika. Sauti ikarudi, chini zaidi. "Iache hiyo tarehe, motabhai. Tisa ulifika. Nilikuona ukifungua geti. Uliondoka, lakini ulifika."

Motabhai ni kaka mkubwa kwao. Kavita alisema hajawahi kumsikia baba yake akilitamka.

Hitesh akasema kitu ambacho sikukisikia, kisha hiki nikakisikia: "Mama aliniambia Moshi. Karanga, kwa baba."

"Mimi aliniambia popote mlipo nyinyi, asibaki peke yake kule, watu wote wameshahama."

"Alikuambia wapi?"

"Jikoni."

"Na mimi jikoni."

Halafu mmoja akaanza kucheka, sijui yupi, wa pili akafuata, na yule mgonjwa anacheka huku anajishika kifua, na Kavita analia waziwazi. Mama yao aliwapa kila mtu jibu alilolitaka, akaenda zake. Mama yeyote angefanya hivyo. Mimi mwenyewe nimeshawaambia wangu wawili kila mmoja kuwa ndiye nimpendaye.

Kavita akagonga kioo: hospitali inangoja. Kamal akageuza medali. "Nyuma tupu?"

"Bado."

"Basi kaa nayo. Utaandika nikitoka. Nikitoka, unasikia? Usiwahi tena."

Alhamisi, Hitesh aliharibu vikombe vitatu. Kimoja cha netiboli alikichonga jina la mshindi wa chesi. Nikamnyang'anya kazi nikamwambia apange utepe, akapanga wa njano na wa kijani pamoja. Simu ilikuwa katikati ya meza, anaizunguka kama jiko la moto. Saa tatu hakuna. Saa sita hakuna. Saa nane aliita, ilikuwa shule, akamkatia mwalimu mkuu.

Saa tisa na nusu ikaita tena. Alinisukumia mimi.

Ni Kavita. Alikuwa anaongea haraka mno, nikamwambia pole pole. Ameamka, akasema. Bado ana mipira puani, sauti haitoki vizuri, lakini amesema neno moja na nesi akadhani anaweweseka.

"Neno gani?"

"Pua. Anauliza pua imerekebishwa?"

Nikamfikishia Hitesh kama lilivyokuja. Alivuta kiti, akakikalia. Akaniomba chai, nikampa, akainywa mpaka ikaisha, na mimi kwa swaumu yangu nikamtazama akinywa, nisione kiu.

Kisha akainuka, akachukua tindo ya baba yake na ile medali. Pua hakuigusa. Aliigeuza nyuma, akachonga bila haraka. Hakuandika amani, wala milele. Aliandika: *Alperton, ndani ya gari la Kavita.* Akanipa nivishe utepe.